Peke yake, na mizigo alibeba nani?

Kitabu cha Dian Fossey, Gorillas in the Mist, kilitoka mwaka 1983, filamu ikafuata 1988. Hapa Kigali wengi wanakijua kwa jina, wachache wamekifungua. Hadithi inayozunguka ni ileile: Mmarekani mwanamke alipanda milima ya Virunga peke yake, akaishi huko juu na ngagi mpaka alipouawa Desemba 1985.

Mimi nimekisoma polepole, kamusi pembeni, na hiyo "peke yake" inanisumbua.

Angalieni Kabara, upande wa Kongo, chini ya mlima Mikeno, karibu mita 3,000. Alifika pale Januari 1967. Rafiki yake Alan Root alimsaidia siku mbili kisha akashuka, na Fossey anaandika kwamba alishikilia nguzo ya hema ili asimkimbilie. Ni sehemu nzuri, inagusa kweli. Lakini kambini kulikuwa na wanaume wa Kikongo! Mwenyewe anaeleza kwamba Root ndiye alikuwa mtu wa mwisho pale mlimani anayesema Kiingereza. Kumbe kuwa peke yako maana yake ni hiyo.

Kufuata nyayo alifundishwa na Sanwekwe, mlinzi wa mbuga, aliyekuwa ameshamfanyia George Schaller kazi hiyohiyo. Fossey anamtaja na kumsifu, hapo simlaumu. Ila sura ya kwanza imepewa jina la Akeley na Schaller, wageni wawili. Na filamu ndiyo mbaya zaidi: wafuata nyayo wengi wamekunjwa wakawa mtu mmoja, Sembagare.

Halafu Julai 1967. Uasi umewaka Kongo, askari wanamteremsha mpaka Rumangabo, anazuiliwa, anatoroka hadi Kisoro, Uganda. Septemba anaanzisha Karisoke upande wa Rwanda. Sasa wewe msomaji wa gazeti letu, hesabu: Kongo, Uganda, Rwanda. Kuna watu wazima hapa mtaani waliopita njia hiyo usiku, na watoto mgongoni, wala hakuna aliyewaita wajasiri wa milima. Nilitegemea kurasa hizi ziwe ndizo moyo wa kitabu. Anazipita haraka, kama mtu aliyecheleweshwa kazini. Waliombebea chakula na mahema matopeni hawakuwa na ubalozi wa kukimbilia, na hilo halimsimamishi.

Akirudi kwa ngagi anaandika vizuri mno: pua zao, hasira zao, kila mmoja na jina lake. Jicho analo, sana.

Mkikipata, someni na penseli. Wekeni alama kila mahali mzigo unapofika kambini bila kuambiwa nani kaubeba. Nakala yangu imechafuka tayari, nitaileta Jumamosi anayetaka aazime.