Tuseme: mwongozaji anaposogea pembeni

Katika filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001, Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili na ambaye kwa miaka mingi hajatamka neno. Mwigizaji asiyepewa maneno hubaki na macho yake na mwili wake, basi. Nje ya kamera, profesa huyu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ametumia muda mwingi wa maisha yake katika kazi iliyo kinyume kabisa na nafasi ile: kuwapa sauti walionyamazishwa.

Hakuanzia hapo. Tamthilia yake ya Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka 1980, ilitokana na hadithi ya Ousmane Sembène wa Senegal kuhusu mzee aliyetumiwa hela kutoka Paris akashindwa kuzichukua kwa kukosa kitambulisho. Hadithi hiyo imekaa kijukwaa tangu mwanzo, maana kila dirisha la ofisi analosukumiwa mzee ni onyesho tayari. Hata hivyo, hapo bado kulikuwa na andiko, waigizaji wenye nafasi zao, na watazamaji waliokuja kukaa kimya.

Mwaka 1982 Lihamba na wenzake wawili, Penina Mlama na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kijiji cha Malya, Kwimba, bila andiko. Kwanza walikaa na wanakijiji na kuwauliza ni lipi linalowaumiza. Jibu moja lilikuwa mimba za wasichana. Mchezo ulitengenezwa baada ya jibu kupatikana, na ulijengwa kwa ngoma na nyimbo za pale pale. Mpangilio huo ndio ufundi wenyewe. Kikundi kinachofika kijijini na mchezo uliokwisha kukamilika kimeleta hotuba yenye mavazi, hata kikicheza vizuri namna gani.

Mwaka 1996 Lihamba na Mlama waliupeleka utaratibu huo katika shule za sekondari kwa jina la Tuseme. Wasichana hutaja vikwazo vya masomo yao, huchimba chanzo cha kila kimoja, kisha hukigeuza kuwa igizo, wimbo au ngoma na kukionyesha mbele ya walimu na wenzao. Baada ya onyesho hufuata mjadala, na baada ya mjadala mpango wa nini kifanyike.

Hatua ya kuchagua umbo inastahili kutazamwa kwa makini. Msichana anayesumbuliwa na mwalimu hawezi kusimama mstarini asubuhi akamtaja. Akiliweka jambo lile katika wimbo unaoitikiwa na darasa zima, sauti inakuwa ya wote na hakuna wa kuitwa ofisini peke yake. Wimbo wa ngoma umefanya kazi hiyo tangu zamani. Wanawake wa pwani na bara wamewasema wakubwa kwa mafumbo, nao wakubwa wakabaki kusikiliza. Lihamba na Mlama waliuchukua ujuzi huo kwa wenyewe na kuuingiza shuleni.

Faida nyingine ni ya vifaa. Shule nyingi za vijijini, kuanzia Kerenge kule Korogwe hadi Kwimba, hazina ukumbi wala taa za jukwaa. Igizo la Tuseme linahitaji uwanja, ngoma moja na duara la watu. Duara hilo linasaidia kuliko jukwaa la juu, kwa sababu mtazamaji anayetaka kujibu yuko tayari hatua mbili tu kutoka kwa mwigizaji.

Kwa mwongozaji, gharama ni kubwa. Aliyezoea kupanga kila hatua ya mwigizaji anatakiwa aache wimbo uende kombo kidogo, aache mtoto wa kidato cha pili aamue mwisho wa igizo. Wengi waliosomea kazi hii hawawezi kuvumilia hilo.

Baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika ambayo Mlama aliwahi kuiongoza, iliipeleka Tuseme katika nchi nyingine za bara hili. Ilikopita iliacha klabu shuleni, na wasichana wa klabu ndio wanaofuatilia yale waliyoahidiwa siku ya onyesho.