Nyumba ya Dola 28

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango. Tulilikumbuka neno hilo tulipokisoma tena kitabu cha Henry David Thoreau kiitwacho Walden, kilichotoka Marekani mwaka 1854. Siku hizi watu wengi wa mijini, waliochoka na makelele na gharama, wanatamani kujenga kijumba msituni, kisichokula mali nyingi wala kuharibu miti. Wengi wao hutaja kitabu hiki. Basi na tuingie ndani ya nyumba hiyo, tusisimame mlangoni tukiisifu.

Habari yenyewe ni fupi. Mwishoni mwa Machi 1845 Thoreau, kijana wa miaka 27, aliazima shoka, akaenda kwenye ziwa dogo la Walden, karibu na mji wa Concord, akaanza kukata misonobari michanga. Tarehe 4 Julai akahamia. Akakaa humo miaka miwili na miezi miwili, hata Septemba 1847. Nyumba ilikuwa na urefu wa futi 15 na upana wa futi 10, maana yake kama meta 4 na nusu kwa meta 3. Ilikuwa chumba kimoja: dirisha kubwa kila upande, mlango mbele, meko ya matofali nyuma, dari ya kuwekea vitu, na shimo la akiba chini ya sakafu. Gharama yote ilikuwa dola 28 na senti 12 na nusu.

Kwanza tumpe fundi haki yake. Miti mikubwa aliichonga pande zote nne. Nguzo nyingi za ukuta alizichonga pande mbili tu. Makombamoyo na miti ya sakafu aliichonga upande mmoja, maganda mengine akayaacha. Asema miti ya namna hii imenyoka sawa na ile iliyopasuliwa kwa msumeno, tena ina nguvu zaidi. Hiyo ni akili: usiondoe katika mti ila kile kinachozuia kazi. Shimo la akiba alilichimba kwenye mteremko unaoelekea kusini, akashuka futi 7 hata mchanga laini, mahali ambapo viazi havigandi kwa baridi. Madirisha yalikuwa yametumika kwingine. Matofali 1000 vilevile. Dohani hakuijenga mpaka majira ya baridi yalipokaribia, kwa sababu wakati wa joto alipika nje. Mtu anayetaka kujenga kijumba leo na ajifunze hayo tu: tumia kilichokwisha kutumika, usichonge kupita haja, tazama ardhi inaelekea wapi, wala usifanye haraka. Hapo amekwisha kupata faida ya kitabu.

Sasa tuitazame hesabu. Thoreau ameiandika yote, hata chokaa, misumari, na senti moja ya chaki. Mbao zilimgharimu dola 8 na senti 3 na nusu. Nyingi zilitoka wapi? Zilitoka katika kibanda cha James Collins, Mwairlandi aliyefanya kazi ya reli. Thoreau alikinunua kibanda kizima kwa dola 4 na robo, kwa sharti Collins atoke kesho yake saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili walikutana njiani. Jamaa yote ya Collins ilikuwa na furushi moja kubwa: kitanda, kinu cha kahawa, kioo, kuku. Paka peke yake alibaki. Akaingia msituni, akawa wa mwitu, mwisho akafa mtegoni. Siku ile ile Thoreau alibomoa kibanda, akang'oa misumari, akazianika mbao juani karibu na ziwa.

Mwandishi asimulia hayo kama kichekesho. Sisi hatukucheka. Collins hakuibiwa, hilo ni kweli, aliuza, akalipwa. Lakini jamaa ile ilikwenda kulala wapi? Kitabu hakisemi. Mbao zile zile, zilipokuwa za maskini, ziliitwa kibanda. Zilipohamia ziwani, ziliitwa hekima. Hapa ndipo tunapomlaumu mwandishi, aliyeweza kuandika bei ya chaki na asiulize jambo hilo.

Tena, watu hukisifu kitabu hiki kama habari ya mtu aliyejitosha peke yake. Je, ndivyo? Kiwanja kilikuwa cha rafiki yake Ralph Waldo Emerson. Shoka lilikuwa la kuazima. Mwezi wa Mei, siku ya kusimamisha nyumba, rafiki zake walikuja kuinua miti pamoja naye, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa. Miti yenyewe, mawe na mchanga havimo katika zile dola 28. Nyumbani kwa wazazi wake palikuwa mwendo wa miguu tu, na mara kwa mara alikula kwa watu. Lakini tusimsingizie uongo: mambo hayo karibu yote ameyataja mwenyewe. Kosa ni la wasomaji wanaoruka kurasa hizo, kiisha wanakwenda msituni wakidhani hawatahitaji jirani.

Liko na jambo la moto. Aprili 1844, mwaka mmoja kabla ya kujenga, Thoreau na mwenzake waliwasha moto wa kupikia samaki, ukawashinda, ukateketeza msitu wa Concord kama eka 300. Katika Walden amelitaja jambo hilo kwa maneno machache tu, kama kwa kupita. Na meko yake ya wazi ilikula kuni nyingi. Majira ya baridi ya pili alitumia jiko dogo la chuma, kwa sababu msitu haukuwa mali yake. Akalalamika kwamba jiko lilijaza nafasi, likatia harufu nyumbani, na tena halikumwonyesha uso wa moto. Tunazipenda kurasa hizo. Hapo uzuri na uangalifu vinashindana, naye hafichi kwamba ameumia. Anayechora ramani ya kijumba cha msituni aanze na meko, asimalizie nayo.

Nyumba haikudumu mahali pake. Thoreau alipoondoka ilihamishwa, ikawa ghala ya nafaka shambani, na mwaka 1868 ikabomolewa. Mwaka 1945 Roland Robbins alichimba akapata msingi wa dohani. Wengine huona huzuni. Sisi twaona ni sawa: mbao za Collins zilihifadhi jamaa, kisha mwandishi, kisha nafaka. Nyumba isiyoharibu msitu ni ile inayokubali kutumikia tena.

Kitabu hiki tunawashauri mkisome, lakini kalamu mkononi. Mtu aliyeandika hesabu yake wazi ametupa njia ya kuisahihisha, na wachache wamefanya hivyo. Nawe ukijenga kijumba chako, andika hesabu kama yeye, senti kwa senti. Kiisha ongeza mistari aliyoisahau: nani alitoka ili mimi niingie, na mikono ya nani iliinua miti yangu.