Wenye Meza za Maji

Pongezi za mbio huwaendea washindi, na sisi wa Mara tunaye wetu: Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988. Anastahili. Mimi ni mkimbiaji wa kawaida tu, najifua kwenye barabara ya Bunda–Kisorya nikipishana na abiria wanaowahi kivuko cha kwenda Rugezi. Baada ya mwaka wa marathoni, pongezi zangu nazipeleka kwenye meza za maji.

Kilimanjaro Marathon ya Moshi, iliyoanza mwaka 2003, ina mpando wa kuelekea Mweka unaokuumbua hadharani. Hapo hutokea kijana amenyoosha mkono, chupa ameshaifungua kizibo. Hicho kizibo! Aliyekimbia kilomita 30 hana vidole tena. Wazoefu hukimbia nawe hatua mbili tatu ili chupa isidondoke, huku wakikwambia, “Kaza baba, umefika!” Uongo mtupu, ila sijawahi kuukataa.

Wenye mbio zao hupita mapema. Ni sisi wa nyuma tunaowaweka hawa juani hadi mchana, kisha wanainama kuokota chupa tulizotupa. Waandaaji, mimi ninayemaliza nikichechemea navishwa medali. Wao je?