Ngũgĩ, Karatasi ya Chooni na Sikio la Msikilizaji

Kila Ngũgĩ wa Thiong'o anapotajwa darasani, lazima mtu ataje karatasi ya chooni. Ni kweli: mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa, aliandika humo riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kigĩkũyũ. Lakini kisa hiki kinatufanya tusifu ushujaa na kusahau namna alivyofanya kazi. Karatasi hakuichagua, alichochagua ni msikilizaji.

Tumlinganishe na Ngũgĩ wa Makerere. Akiwa mwanafunzi pale aliandika riwaya zake za mwanzo kwa Kiingereza. Mwaka 1962, katika mkutano wa waandishi uliofanyika chuoni humo, alimpa Chinua Achebe mswada wa Weep Not, Child ausome. Alitafuta jicho la mwandishi mwenzake. Wengi wa wanakijiji wa Limuru, ambao maisha yao ndiyo yaliyojaa katika mswada ule, wasingeweza kuusoma.

Mwaka 1977 mambo yalibadilika. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa ajili ya kituo cha Kamĩrĩĩthũ. Mazoezi yalifanyika hadharani, na wakulima na vibarua wakawasahihisha lugha. Serikali iliipiga marufuku, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akakamatwa. Naona aliingia selo na masikio ya watu wale. Ndiyo maana riwaya yenyewe inasimuliwa na manju, na ilipochapishwa mwaka 1980 ilisomwa kwa sauti majumbani na kwenye mabaa.

Hili linaeleza sehemu inayowachosha wenzangu katika tafsiri ya Kiswahili, Shetani Msalabani: majigambo marefu ya wezi wanaoshindana pangoni Ilmorog. Nami niliyaruka. Likizoni, nyumbani Kuluva, nilimsomea shangazi yangu, ambaye Kiswahili chake alikipata sokoni Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Kurasa nilizoziruka ndizo alizozicheka, akataka nirudie. Lakini Mũturi alipoanza kueleza kwa kirefu haki za wafanyakazi, shangazi aliinuka akaenda kuangalia chungu. Hapo, kwa maoni yangu, mwandishi alilisahau sikio akaanza kufundisha. Kwa hiyo desturi yake ina nguvu pale tu anapoifuata.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili hapa West Nile tuna desturi gani? Wengi wetu huandika kwanza kwa Kiingereza, kisha tukatafsiri, tukimfikiria mhadhiri na alama zake. Nyumbani tunazungumza Kilugbara, na Kiswahili bado wazee wengi wanakiita lugha ya wanajeshi. Tukiandika Kiswahili ambacho hata mchuuzi wa Ariwara hakielewi, tutakuwa tumeongeza lugha nyingine ya kumfungia mlango.

Sisemi kila insha ipimwe jikoni. Nasema tujiulize, kabla ya sentensi ya kwanza, nani ataisikia. Insha hii niliianza kwa Kiingereza. Nilipomsomea shangazi aya ya kwanza niliyoitafsiri, aliniuliza, "Mwanangu, unazungumza na nani?" Nikaichana, nikaanza upya.