Kukata Neno Mwishoni mwa Mstari

Programu za kupangia maandishi, zikifuata kanuni za Kiingereza, huyakata maneno yetu pasipostahili. Kiingereza aghalabu hutenganisha konsonanti mbili zinazofuatana. Ndipo tunaposoma “nyum-ba” na “kitan-da”, ilhali silabi zetu ni nyu-mba na ki-ta-nda. Ng’ombe ndiye aonewaye zaidi: ritifaa yake huweza kudhaniwa alama ya kufunga usemi, naye akachinjwa “ng’-ombe”.

Franklin Liang alionyesha mwaka 1983 kwamba ruwaza za kukatia hutokana na orodha ya maneno yaliyokwisha kukatwa. Hatuoni basi sababu ya kuazima za wengine. Wala hatukubaliani na wadaio kuwa yatosha kukata baada ya kila irabu. Hiyo itatupa “la-bda” na “da-ftari”, matamshi asiyoyatamka mtu. Maneno ya mkopo yaorodheshwe kwanza, ndipo fundi aitwe.