Pongezi kwa Wasomaji wa Vinyama

Tezi ikivimba shingoni mwa mtu anayeishi na VVU, naye ana homa, anakonda na kutoka jasho usiku, wengi husema papo hapo: kifua kikuu. Mara nyingi ni kweli. Lakini limfoma, saratani ya tezi, huja na dalili hizo hizo, na dawa za TB haziiponyi.

Anayeyatenganisha magonjwa haya mawili ni mtaalamu wa patholojia, ambaye mgonjwa huenda asimwone kamwe. Kinyama kilichokatwa kwenye tezi huhifadhiwa kwenye formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele, kisha hutiwa rangi ya zambarau na waridi. Hapo jicho lililofunzwa huuliza: seli hizi mbona kubwa hivi? Mpangilio wa tezi umeharibiwa? Hutafutwa pia alama ya CD20, inayotambulisha seli za B, aina ya seli za kinga. Na kwa kuwa VVU vyenyewe huvimbisha tezi bila saratani, mtaalamu huyo hapaswi kukurupuka. Nawastahi sana watu hawa.

Basi madaktari, tezi ikikataa kupungua licha ya dawa za TB, msingoje. Wapelekeeni kinyama.