Kupona si Kusalia Hai: Uhakiki wa Istilahi za Kutathmini Upimaji wa Saratani

Miongoni mwa kazi zinazofika mezani petu ili zipewe ithibati, hakuna zinazotusumbua kama tafsiri za tiba. Si kwamba maneno ni haba. Maneno yapo, tena ni mazuri, ila aghalabu yamekalishwa mahali pasipo pao. Hivi karibuni tulipitia mwongozo mmoja uliofasiriwa kwa ajili ya maofisa wanaotathmini mipango ya kuwapima watu saratani. Sarufi yake haina dosari. Lakini mtumishi atakayeufuata neno kwa neno aweza kuusifu mpango usiomwokoa mtu yeyote, na kuupinga ule unaookoa. Kwa hiyo tumeona yafaa tuuhakiki hapa, bila ya kumtaja mfasiri, maana makosa yenyewe si yake peke yake: tumeyakuta pia katika ripoti, katika mabango na katika vitabu vya kufundishia.

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Mwongozo unaiita "uchunguzi wa dalili za awali". Uchunguzi ni neno lililobebeshwa mizigo mingi: daktari huchunguza, polisi huchunguza, mtaalamu wa maabara huchunguza. Hilo tungeweza kulivumilia. Lisilovumilika ni hilo neno dalili. Kazi inayozungumzwa hapa ni ya kuwapima watu wasioumwa, wasioona damu wala uvimbe wala maumivu, ili wapatikane wachache wanaostahili kuangaliwa zaidi. Mama akisoma bangoni kwamba anaitwa kuchunguzwa dalili, atajitazama, aone hana, arudi zake shambani. Wakati huohuo yule mwenye maumivu tayari, ambaye mahali pake ni hospitali ya rufaa, ndiye atakayejipanga foleni. Mwisho wa mwaka mtathmini atahesabu saratani nyingi zilizopatikana kituoni na kuandika kwamba mpango umefana, kumbe wale uliokusudiwa hawakufika.

Sisi tunapendekeza uchekechaji. Kuchekecha ni kazi inayojulikana kila jikoni: unga wote hupita juu ya chekeche, mwingi huenda zake, kidogo hubaki juu ili kitazamwe tena. Tena kila mpishi ajua kwamba chekeche lina matundu, na kwamba lililobaki juu si lazima liwe taka. Wako waliopendekeza mchujo. Neno hilo tunalikataa, kwa kuwa wasomaji wetu wamelizoea katika kandanda na katika uchaguzi, ambako abakiaye baada ya mchujo ndiye mshindi. Kwa bango la kijijini yatosha kuandika "upimaji wa wasio na dalili", maneno marefu kidogo lakini yasiyomdanganya mtu.

Kosa zito kuliko yote limo katika sura ya takwimu. Hesabu ya wagonjwa walio hai miaka mitano tangu ugonjwa wao ulipogunduliwa imefasiriwa kuwa "kiwango cha kupona". Kupona ni kutokwa na ugonjwa. Mtu aliye hai mwaka wa tano aweza kuwa amepona, aweza kuwa yu mahututi, aweza kufa mwezi wa kwanza wa mwaka wa sita. Istilahi iliyo sawa ni "kiwango cha kusalia hai", nayo haina budi ifuatwe na maneno "tangu ugunduzi", kwa sababu utata wote umejificha hapo.

Tuchukue msafiri aliyepanda treni Kigoma, ambaye hatima yake ni kushuka Morogoro. Mkaguzi wa tiketi akimkuta Dodoma, atasema amesafiri naye kwa muda mfupi. Akimkuta Tabora, muda utakuwa mrefu zaidi. Safari ya abiria haikurefuka hata kwa kituo kimoja. Kilichorefuka ni muda wa kujulikana kwake. Vivyo hivyo ugonjwa ukigunduliwa mapema, miaka ya kusalia hai tangu ugunduzi huongezeka hata kama siku ya kufa ni ileile. Mwongozo unauita muda huo "upendeleo wa wakati wa kuongoza", maneno ambayo hayana maana kwa mtu asiyejua Kiingereza. Sisi tungesema "muda wa kutangulia", na kosa litokanalo nao "kosa la muda wa kutangulia".

Mambo haya si ya kubuni. Katika utafiti wa Kliniki ya Mayo huko Marekani, ulioanza mwaka 1971 kwa wanaume wavutao tumbaku wapatao 9,200, kundi moja lilipigwa picha za kifua na kupimwa makohozi kila baada ya miezi minne; wenzao walishauriwa tu kupimwa kila mwaka. Wagonjwa wa kundi la kwanza walisalia hai kwa muda mrefu zaidi tangu ugunduzi. Lakini taarifa iliyotolewa mwaka 2000 ilionyesha vifo vya saratani ya mapafu 4.4 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka katika kundi hilo, na 3.9 katika lile jingine. Tofauti isiyotosha kuthibitisha lolote, na kwa hakika isiyoonyesha nafuu. Afisa anayesoma "kiwango cha kupona" angelipongeza kundi la kwanza. Anayesoma "kiwango cha vifo kati ya wote walioalikwa" asingefanya hivyo. Na hicho cha pili ndicho kipimo. Kwacho utafiti wa Mumbai, uliowahusisha wanawake wapatao 150,000 waliogawanywa kwa makundi, ulionyesha mwaka 2014 kwamba kuangalia mlango wa kizazi kwa asidi ya siki kulipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 31.

Liko kosa jingine, la saratani ziendazo polepole kunaswa kwa wingi kuliko za haraka. Mlinzi atazamaye baharini mara moja kwa siku ataona majahazi mengi na boti za kasi chache. "Kosa la mwendo wa ugonjwa" latosha.

Tukija kwenye saratani iliyo ya kweli ila isingalimdhuru mwenyewe maisha yake yote, mwongozo umeandika "majibu ya uongo". Hapa hatukubali kabisa. Majibu ya uongo ni kipimo kumsingizia mzima. Hapa kipimo kimesema kweli, nacho ndicho kilichomtia mtu kisuni bila ya haja. Huko Korea ya Kusini, idadi ya saratani za tezi la shingo zilizogunduliwa mwaka 2011 ilikuwa mara 15 ya ile ya mwaka 1993, na vifo havikubadilika. "Ugunduzi wa ziada" pia haufai, maana ziada kwa Mswahili ni neema. Tunapendekeza "ugunduzi wa kuzidi haja".

Neno "usahihi" nalo limetumika peke yake pale panapohitajika istilahi mbili. Tuseme wanawake ni 1,000, wenye ugonjwa ni 10, na kipimo kinawanasa 8. Kati ya wazima 990, kinawanasa 99 kimakosa. Waliohukumiwa sawa ni 899, karibu asilimia 90. Lakini karani asiyepima mtu, akawaandikia wote "hana", atakuwa na usahihi wa asilimia 99! Kwa hiyo tutenganishe "uwezo wa kunasa wagonjwa" na "uwezo wa kuacha wazima". Wengine husema "unyeti" kwa huo wa kwanza; tunawaomba wakumbuke sehemu ambazo adabu yetu huziita nyeti, na kwamba kipimo kinachohusika mara nyingi ni cha hukohuko. Na kati ya hao 107 walionaswa, wagonjwa ni 8 tu; mwalimu asiache kuwafanyisha wanafunzi hesabu hiyo.

"Kiholela" kwa maana ya kugawa watu kwa kura kufutwe mara moja. Iandikwe "kwa nasibu".

Limebaki "chanya". Ofisi zetu zote huandika "matokeo chanya" kwa maana ya matokeo mema, na mwongozo unamwandikia mama aliyenaswa na chekeche maneno hayohayo. Tungependelea "amerudishwa kwa uchunguzi zaidi", lakini wenzetu wa maabara wanasema neno moja ni lazima kwa ajili ya fomu, na nafasi ya fomu ni ndogo. Wasomaji walio na pendekezo wanaombwa walilete kabla ya kikao kijacho cha kamati ya istilahi.